Sura ya Tano: Bomba la Inchi Nne

Modeli ya skeli ni umbo dogo linalowakilisha kitu kikubwa kwa uwiano mmoja usiobadilika, kiasi kwamba ikisemwa modeli fulani ni ya skeli ya 1/72, kila sentimita iliyopo mezani inasimama badala ya sentimita 72 za kitu chenyewe, uwe ni urefu wa bawa, upana wa mlango au unene wa ngazi. Fundi anayetengeneza modeli ya jahazi, ya ndege au ya behewa la reli ana hakimu anayemsubiri nje ya karakana, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuchukua utepe wa kupimia, akakipima kitu halisi, akagawanya kwa 72, na kumwonyesha fundi mahali alipokosea. Modeli za vyombo vya bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi na filamu zinazojengwa juu ya sayansi na teknolojia ambayo bado haijafikiwa, hazina hakimu wa namna hiyo, maana chombo chenyewe hakipo, hakijawahi kuwapo, na pengine hakitakuwapo kamwe. Hata hivyo, kufumba na kufumbua, mtazamaji hutambua kama kilicho mbele yake ni meli ya kuvuka nyota au ni bomba la majitaka lililopakwa rangi ya fedha. Sura hii inachunguza hukumu hiyo hutoka wapi, na namna fundi wa mji kama Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, asiye na duka la modeli karibu naye, anavyoweza kuielekeza upande wake.

Pwani ya Waswahili ina mfano unaolikaribia jambo hili kutoka upande wa pili. Mtepe, chombo cha mbao kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, na kilichosafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu umbo lake imehifadhiwa na modeli ndogo na picha za zamani. Anayeitazama modeli ya mtepe leo hawezi kwenda bandarini kulinganisha, kwa hiyo huiamini kwa sababu ya ushahidi uliomo ndani yake, kama vile mishono inayofuatana pale ambapo mbao zingeachana, mlingoti uliosimama mahali ambapo uzito wa tanga ungeuhitaji, na omo iliyochongwa na mtu aliyejua maji yanapasuliwa vipi. Mtepe umekwisha kupita na chombo cha nyota bado hakijafika, lakini modeli za vyote viwili zinasimama mbele ya baraza moja, ambamo shahidi pekee ni kazi ya mkono.

Ufundi wa vyombo vya kubuni ulikomaa katika studio za televisheni na filamu za Uingereza na Marekani, na historia yake fupi ina jambo ambalo wapenzi wengi wa filamu hizo hawalitambui. Derek Meddings, aliyesimamia modeli za Thunderbirds, kipindi cha vikaragosi kilichoanza kurushwa Uingereza mwaka 1965, aligundua pamoja na wenzake kwamba chombo kipya kinachong'aa huonekana kuwa mwanasesere, ilhali chombo kilichopakwa uchafu na kubandikwa vipande vilivyotolewa katika seti za plastiki huonekana kuwa mashine. Seti, katika lugha ya mafundi hawa, ni boksi linalouzwa likiwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha, kwa kawaida vya kifaru cha vita, ndege au meli. Njia hiyo ilifikishwa mbali zaidi katika filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, ambayo modeli kubwa ya chombo chake cha Discovery ilikuwa na urefu wa takriban mita 16, na baadaye katika karakana ya Industrial Light & Magic, iliyoanzishwa na George Lucas mwaka 1975 kwa ajili ya Star Wars. Mafundi wa karakana hiyo walinunua seti za vifaru na meli za kivita kwa wingi, si kwa lengo la kujenga vifaru wala meli, bali kwa kunyofoa magurudumu, mabomba na vifuniko vya injini, na kuvibandika juu ya maumbo yao wenyewe. Vipande hivyo walivipa jina la utani lisilo na maana yoyote, jina ambalo Kiswahili hakina haja ya kulikopa, kwa sababu tayari kina neno vikorokoro.

Kwa maneno mengine, asili ya ufundi huu haikuwa utajiri wa vifaa maalumu. Ilikuwa tabia ya kukitazama kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja na kukiona kikifanya nyingine. Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa tabia hiyo, kwani watoto wake wamekuwa wakisuka magari ya waya yenye usukani mrefu unaoshikwa kwa kusimama, magurudumu yakikatwa katika soli za ndala, na taa zikitengenezwa kwa vizibo vya soda. Mafundi wa Kidatoga, ambao jamaa zao Wabarabaig ni wenyeji wa nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, wanajulikana, hasa upande wa Ziwa Eyasi, kwa kuyeyusha kufuli mbovu na koki za shaba na kuzigeuza bangili. Jijini Nairobi, msanii Cyrus Kabiru amejipatia sifa kwa miwani ya kisanaa aliyoiita C-Stunners, iliyoundwa kwa vyuma na taka za mitaani, nayo humfanya aliyeivaa aonekane kama mgeni kutoka karne ijayo.

Hata hivyo, mfano huu haufai kusukumwa kupita kiasi, kama wafanyavyo waandishi wanaopenda kuusifu umaskini kwa ubunifu wake. Gari la waya halijengwi kwa skeli, kwa kuwa mtoto huongeza ukubwa wa usukani kwa sababu anauhitaji mkononi, na hupunguza bodi kwa sababu waya umekwisha. Kinachotofautisha modeli ya skeli ni nidhamu ya kipimo kimoja kinachotawala kila kitu, na nidhamu hiyo haitokani na kukosa vifaa wala na kuwa navyo. Hujifunzwa, na namna nzuri ya kuanza kuijifunza ni kutengeneza kwanza kitu kilichowahi kuwapo.

Kwa bahati, kitu hicho kipo karibu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Italia, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota na vitu vingine vya mbali. Marjorie Townsend, mhandisi wa Marekani aliyesimamia mradi huo, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe, na kwa jina hilo la Kiswahili inatajwa hadi leo katika vitabu vya falaki vya kila lugha. Mvumo wake haukuwa mdogo, maana vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa fundi wa modeli, sifa kuu ya Uhuru ni wepesi wa umbo lake. Mwili wake ulikuwa pipa lenye kipenyo cha takriban sentimita 56 na urefu wa takriban sentimita 116, likiwa na mabamba manne ya kukusanya umeme wa jua yaliyonyooshwa pembeni kama mikono, na madirisha mawili ya kupokelea eksirei yaliyotazama pande zinazopingana. Bomba la plastiki la majitaka liitwalo la inchi nne, ambalo duka la vifaa vya ujenzi huwa nalo, lina kipenyo cha nje cha milimita 110, na namba hiyo ikizidishwa kwa 5 hutoa sentimita 55, karibu sawasawa na kipenyo cha Uhuru. Kipande cha bomba hilo chenye urefu wa sentimita 23 na milimita mbili basi ni mwili wa setilaiti ya Uhuru katika skeli ya 1/5, tena bila kuchonga chochote. Roketi ya Scout iliyoibeba ilikuwa na urefu wa karibu mita 23 na upana wa mita moja hivi katika hatua yake ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo na kuachwa, na kwa hiyo bomba jembamba la kupitishia nyaya za umeme, lenye kipenyo cha milimita 20, linaitoa katika skeli ya 1/50, ikiwa na urefu wa sentimita 46. Anayekosea hapa atajijua, kwa kuwa picha za vyombo vyote viwili zipo.

Faida ya zoezi hilo huonekana pale bomba lile lile la inchi nne linapochukuliwa tena, safari hii kwa ajili ya chombo cha kubuni. Fundi akiamua kwamba skeli yake ni 1/72, bomba linakuwa chombo chenye upana wa karibu mita nane, kama nyumba ya vyumba vichache iliyoviringwa, na mtu mzima anayesimama kando yake ana kimo cha milimita 24. Akiamua kuwa skeli ni 1/1000, bomba hilo hilo, bila kuguswa, linakuwa na upana wa mita 110, karibu sawa na urefu wa roketi nzima ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini, na kila mita ya bomba inakuwa kilomita moja ya meli ambayo mtu ndani yake hafikii milimita mbili. Plastiki haijui ni ipi kati ya hizo. Kinachoamua ni vikorokoro pekee, na kwa sababu hiyo mafundi wazoefu huchagua kwanza kimo cha binadamu wa kubuni, hukichora kwenye kipande cha kadibodi, na kukiweka mezani muda wote wa kazi kama mshona nguo anavyouweka utepe wake shingoni.

Jicho hukadiria ukubwa kwa kutafuta vitu ambavyo lazima vilingane na mwili wa mtu, navyo ni milango, madirisha, ngazi, vishikio na reli za kuzuia kuanguka. Njiti ya kiberiti katika skeli ya 1/72 ni boriti ya zaidi ya mita tatu, inayoweza kuwa mhimili wa sehemu ya kutulia, lakini katika skeli ya 1/1000 ni mnara wa mita zaidi ya 40, na fundi anayeibandika kando ya dirisha la milimita tano amekwisha kusema mambo mawili yanayopingana. Madirisha ya chombo cha 1/1000 hutobolewa kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto, na taa ndogo ya kurunzi ikiwekwa ndani ya bomba, vitundu hivyo hutoa mwanga wa mji unaotazamwa usiku kutoka mlimani. Meli kubwa inayopita juu ya kichwa cha mtazamaji mwanzoni mwa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambayo katika hadithi ina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ilikuwa modeli isiyofika mita moja, na ukubwa wake wote ulitokana na udogo wa vitu vilivyobandikwa juu yake.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, nao hukosea kwa bidii. Wakishajua nguvu ya vikorokoro, hukijaza chombo chote, kila sentimita ikiwa na kitufe na kila kitufe kikiwa na bomba, hadi jicho linakosa mahali pa kupumzika, na chombo kinafanana na sanduku la fundi redio lililomwagika. Mashine halisi hazijajengwa hivyo. Lori lina mabamba mapana matupu, na msongamano wa vyuma upo tu pale ambapo kuna kazi, yaani kwenye injini, ekseli na breki, na mtu akichungulia chini ya basi lililosimama stendi ataona kwa dakika tano kanuni ambayo vitabu vingi vya modeli huieleza kwa kurasa nyingi. Kila kikorokoro kinapaswa kuwa na jibu la swali la kinafanya nini, hata kama jibu hilo analijua fundi peke yake.

Swali hilo la kazi huzaa pia umbo la chombo kizima. Angani hakuna hewa, kwa hiyo mabawa hayana la kufanya, lakini kuna tatizo ambalo waigizaji wa filamu hawalitaji, nalo ni joto, kwa sababu mahali pasipo na hewa joto haliwezi kupeperushwa na hutoka kwa mnururisho peke yake, yaani kwa kung'aa polepole kutoka kwenye mabamba mapana. Chombo chenye injini kubwa kingehitaji mabamba hayo, na Arthur C. Clarke, aliyeitunga hadithi ya 2001 pamoja na Kubrick, alieleza kuwa chombo cha Discovery kilinyang'anywa mabamba yake ya joto kwa hofu kwamba watazamaji wangeyadhania mabawa. Fundi asiye na mtayarishaji wa filamu wa kumtisha anaweza kuyarudisha. Chombo kilichobuniwa kwa kuzingatia nyanda za Hanang kingeweza kuwa cha kubeba shehena ya nafaka, kwa heshima ya mashamba ya ngano ya Basotu, kikiwa na mapipa yaliyopangwa kama maghala, mhimili mrefu katikati, makazi ya mabaharia upande mmoja na injini upande wa pili, mbali kadiri iwezekanavyo na watu. Filamu fupi ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ilikwisha kuonyesha kwamba bunilizi ya kisayansi yenye jina la Kiswahili haihitaji kuomba ruhusa ya mtu.

Kuhusu malighafi, mji ulio kwenye barabara kuu ya Babati kwenda Singida haukosi kitu cha msingi, ingawa baadhi ya vitu huhitaji kujulikana tabia zake. Bomba la plastiki la PVC hulainika likikaribia nyuzijoto 80, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha kulikunja au kulitandaza kuwa bamba bapa. Kulipasha juu ya mkaa ni kosa la hatari, kwa sababu likiungua hutoa moshi wenye tindikali unaochoma mapafu. Povu gumu jeupe la kufungashia runinga ni jepesi kuchonga, lakini rangi ya kupuliza huliyeyusha kama sukari, hivyo huvalishwa kwanza tabaka mbili za gundi nyeupe ya mbao au rangi ya maji, zikaachwa zikauke kabisa. Vizibo vya plastiki vya chupa za maji vina maumbo mazuri yenye michirizi kama ya mitambo, na ndivyo vinavyowadanganya wengi, kwa kuwa plastiki yake haishiki gundi wala rangi; hukwaruzwa kwa msasa, kisha hushikizwa kwa pini ya waya inayopita hadi kwenye mwili wa chombo. Kalamu za wino zilizokwisha, mabomba ya sindano yasiyotumika, nyembe za plastiki na bodi za redio mbovu hukamilisha ghala, na fundi mwenye busara huvipanga kwa ukubwa, asivipange kwa asili yake, ili asiendelee kuona kalamu pale anapotakiwa kuona tangi.

Kwa kuunganisha, gundi ya haraka inayouzwa katika vichupa vidogo hufanya kazi kubwa, na ikinyunyiziwa unga kidogo wa magadi soda ya kupikia huganda papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu ubesi wa magadi huichochea gundi kukamilisha kazi yake. Mchanganyiko huo huziba nyufa ndogo. Mabonde makubwa huzibwa kwa puti, ule ute mzito unaotumiwa na mafundi rangi wa magari kusawazisha bodi iliyogongwa, ambao baada ya kukauka hupigwa msasa kuanzia mkavu wenye chembe kubwa hadi ule laini unaotumiwa na maji. Hatua hii haina utamu wowote na haifupishiki. Kiungo kimoja kinachoonekana, mahali ambapo bomba limekutana na kifuniko chake, huuangusha ushahidi wote uliokusanywa na vikorokoro mia.

Kabla ya rangi zote huja rangi ya msingi, ambayo kazi yake ni kuyageuza mabomba, vizibo, waya na njiti kuwa kitu kimoja. Ni rangi ya kijivu au nyekundu ya kutu, isiyong'aa, inayopulizwa nyembamba kwa mbali, na pale Katesh, ambako upepo wa kiangazi huinua vumbi, saa nzuri ya kuipuliza ni mapema asubuhi kabla upepo haujaamka. Fundi anayeiona modeli yake ikiwa ya kijivu chote kwa mara ya kwanza hupata mshtuko unaotajwa na karibu kila mwenye kazi hii, kwa sababu taka zimetoweka na chombo kimebaki. Pia ndipo makosa yote hujitokeza, na puti hurudi mezani.

Uchaguzi wa rangi yenyewe una mjadala ambao Mlima Hanang unaweza kuueleza vizuri. Mlima huo, wenye kimo cha mita 3,417, unapotazamwa kutoka miguuni pake una msitu wa kijani iliyokolea, lakini ukitazamwa kutoka mbali kwenye barabara ya Singida hugeuka samawati iliyopauka, kwa sababu hewa iliyo kati ya jicho na mlima huongeza mwanga wake yenyewe juu ya rangi ya miti. Mafundi wa modeli za ndege na meli huiga jambo hilo kwa kuchanganya nyeupe kidogo katika kila rangi, wakijua kwamba kitu kilichopunguzwa mara 72 kinapaswa kuonekana kama kipo mbali. Wapo wanaopinga kwamba angani hakuna hewa, kwa hiyo chombo cha nyota hakipauki hata kikiwa umbali wa kilomita mia, na kisayansi wanasema kweli. Lakini mtazamaji yupo chini ya hewa maisha yake yote, na jicho lake limejifunza umbali kwa milima. Modeli inayozingatia sayansi peke yake hapa huonekana ndogo, na katika kesi hii inafaa jicho lishinde.

Uchakazaji, yaani kuipa modeli alama za umri na matumizi, ndiyo sehemu yenye raha nyingi na pia upotovu mwingi. Njia mojawapo inahitaji chumvi ya mawe, na ukingo wa Ziwa Balangida, ambako wenyeji huvuna chumvi, upo chini ya mlima huo huo. Rangi ya chini, tuseme ya chuma au kutu, ikishakauka, huloweshwa kwa maji sehemu zilizochaguliwa na kunyunyiziwa punje za chumvi. Zikishika na maji yakikauka, rangi ya juu hupulizwa, kisha chumvi husuguliwa kwa brashi ngumu na kuacha mabaka yasiyo na mpangilio, ambayo mkono wa mtu hauwezi kuyachora kwa sababu mkono hupenda mpangilio. Baada ya hapo huja rangi nyembamba ya kahawia au nyeusi, iliyozimuliwa mpaka iwe kama maji, ambayo hupakwa na kuachwa iingie yenyewe katika mifereji na pembe, kisha hufutwa juu kwa kitambaa. Sharti lake ni moja: kiyeyusho kisifanane na cha rangi iliyo chini, kwa hiyo juu ya rangi ya maji hutumika rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa. Mwisho ni brashi kavu, ambayo rangi yake nyepesi imefutwa karibu yote kabla ya kupitishwa juu ya kingo, ikazigusa nundu peke yake.

Upotovu huja pale fundi anaponakili michirizi ya kutu na tope kutoka kwenye lori bila kujiuliza angani mvua ya kuichuruzisha ingetoka wapi. Kutu huhitaji oksijeni na unyevu, na mchirizi huhitaji kitu cha kuuvuta chini, na chombo kisichowahi kutua hakina hata kimoja. Badala yake kingekuwa na masizi kuzunguka injini, rangi iliyopauka upande unaotazama jua, mikwaruzo kwenye mlango wa shehena ambako makontena yamegonga mara nyingi, na mabamba mapya yenye rangi tofauti mahali palipotengenezwa. Chombo kinachotua, kwa upande wake, kinaruhusiwa vumbi lote, na vumbi hilo liwe la rangi moja, chini kwenda juu, kama lilivyo kwenye basi lililotoka safari ya kiangazi.

Kuhusu maandishi, mafundi wa nchi za mbali hutumia stika za maji, yaani picha nyembamba zinazotelezeshwa kutoka kwenye karatasi iliyoloweshwa, lakini hapa wapo wachoraji wa mabango wenye mkono unaoweza kuandika jina la duka bila rula, na herufi zao nono zenye kivuli zina tabia ambayo hakuna stika inayoweza kuiiga. Ni chaguo la fundi ikiwa meli yake ya ngano itaandikwa namba kavu za usajili au maneno ya mwenye lori anayewajibu mahasidi wake. La pili lina ukweli zaidi, kwani hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu akifika kwenye nyota ataacha kuandika kwenye bodi ya gari lake. Maandishi yakae upande utakaotazamwa. Modeli kubwa ya Enterprise, ya mfululizo wa Star Trek, yenye urefu wa mita 3.4 na iliyojengwa mwaka 1964, haikukamilishwa upande wake wa kushoto, ambako nyaya za taa zilipita, kwa kuwa kamera ilikuwa upande wa kulia. Leo ipo katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Anga mjini Washington, na heshima yake haijapungua kwa ajili ya ubavu huo.

Katika kazi zote hizi, tina ya kuzimulia rangi, rangi za kupuliza na vumbi la puti havifai kuvutwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, wala karibu na jiko linalowaka, na kitambaa kilichofungwa puani huzuia chembe za vumbi lakini hakizuii mvuke. Uwanja wazi ndio kinga ya kweli.

Modeli ikikamilika, watu wengi wataijua kwa picha, na hapo Katesh ina kitu ambacho studio za Uingereza zililipa ghali kukiiga. Katika anga za juu chanzo cha mwanga ni kimoja na vivuli ni vyeusi vyenye kingo kali, jambo ambalo jua la asubuhi katika anga lisilo na mawingu hulitoa bure. Chombo hushikizwa kwa waya mwembamba au kijiti kinachoingilia upande usioonekana, nyuma yake hutundikwa kaniki isiyo na mikunjo iwe giza la anga, na kamera ya simu huwekwa chini, usawa wa chombo au chini yake, kwa sababu mtu hawezi kuitazama meli ya kilomita moja kutoka juu kama anayetazama sahani ya chakula. Isisogezwe karibu mno pia, maana kamera iliyo karibu huona sehemu moja vizuri na kuififisha nyingine, na ufifio huo ndio unaoliambia jicho kwamba kitu ni kidogo. Ni bora kupiga kwa mbali, kisha kukata picha. Kabla ya hapo modeli hupitiwa taratibu kwa brashi laini na kavu, kwa kuwa punje ya vumbi la kiangazi yenye unene wa theluthi ya milimita, ikitua kwenye sitaha ya chombo cha 1/1000, itaonekana pichani kama jiwe la kujengea msingi wa nyumba.